Usukani wa Gari Bovu

Pikapu ilikwama katikati ya mlima. Magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale kama feni, na moshi wa mpira unaoungua ukawafikia watu waliosimama kando ya barabara kutazama. Nyuma yake, likiwa limefungwa kwa bomba la chuma, kulikuwa na gari la kusambazia mikate lililozimika injini. Ndani ya gari hilo, mikono miwili kwenye usukani na mguu juu ya breki, alikaa mke wa mwenye pikapu.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Gari bovu likivutwa haliwezi kujiongoza. Lazima mtu akae ndani, alinyooshe kwenye kona, alizuie lisimpande anayelivuta. Mume alivuta mbele, mke alishika usukani nyuma, na watu wa barabarani walimzoea hata wakampa jina la Mama Usukani. Mumewe walimwita Mvutaji, kisha wakacheka, maana hakuwahi kutia sigara mdomoni tangu azaliwe.

"Kanyaga breki!" Mvutaji alitoa kichwa dirishani. "Tunarudi nyuma!"

"Nimekanyaga!"

Alikuwa amesimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, mgongo umejibana kwenye kiti, meno yamekazana. Breki za gari lililozimwa injini huwa ngumu kama jiwe, na mguu wake ulikuwa unatetemeka mpaka gotini.

Hapo ndipo lilipofika lori la yule waliyemwita Kreni. Huyu alikuwa na gari hasa la kuvuta magari mabovu, lenye mkono wa chuma na taa ya manjano juu ya paa. Alipunguza mwendo, akaegemea dirisha, akaangalia kwanza magurudumu yanayozunguka, kisha uso wa Mvutaji.

"Bwana Mvutaji! Leo unavuta nini, hewa?"

Watu wakaangua kicheko. Kreni alipoona amepata wasikilizaji, akashuka kabisa. Akaligonga tairi la pikapu kwa ncha ya kiatu. "Tazameni kipara hiki. Hapa hata kinyozi hapati kazi."

Mwenye mikate, aliyekuwa amekaa karibu na Mvutaji, alifungua mlango akashuka taratibu. Hakuwa mtu mbaya. "Samahani, bwana," alisema akitazama chini. "Wateja wananisubiri. Nifungulie tu chuma chako, huyu anipandishe." Na Mvutaji akapiga magoti kwenye lami, akaanza kufungua nati moja baada ya nyingine, huku Kreni amesimama juu yake amekunja mikono, kama mtu anayemsubiri mtumishi amalize kufagia.

Walirudi nyumbani. Karibu na lango mke akajaribu kulainisha mambo. "Matairi yalishachoka tu, baba. Tukibadilisha, mlima huu tutaupanda."

"Na wewe ulikuwa unacheka."

"Mimi?"

"Nilikuona kwenye kioo. Meno yote nje."

Alitaka kumweleza kwamba yale yalikuwa meno ya mtu anayesukuma breki kwa roho yake yote. Lakini Mvutaji alikuwa ameshashuka, na mlango ameubamiza.

Duka la matairi lilikuwa banda refu la mabati lenye harufu ya mpira na gundi. Muuza matairi, mtu mwembamba mwenye vidole vyeusi visivyokubali sabuni, aliizunguka pikapu mara moja, akachuchumaa, akapapasa tairi la nyuma.

"Haya yamekwisha. Nitakupa saizi ileile, lakini ya kazi nzito. Ubavu mnene, meno ya kushika barabara. Utavuta chochote."

Mvutaji hakuwa akimsikiliza. Macho yake yalikuwa ukutani, ambako yametundikwa matairi mengine manne, makubwa, meusi tii, meno yake mapana kama matofali.

"Na yale?"

"Yale yanaingia," alisema muuza matairi bila haraka. "Tutakata madigadi kidogo ili yasisugue. Gari litapanda juu, litapendeza. Lakini nikwambie kabla hujatoa hela. Injini ni ileile, gurudumu limekuwa kubwa, kwa hiyo nguvu ya kuvuta itapungua. Breki zitachelewa kushika. Na mshale wa spidi utakudanganya, utakuonyesha mwendo mdogo kuliko unaokwenda."

"Yanateleza mlimani?"

"Kuteleza, hayatelezi."

Kulikuwa na wanaume watatu wanne kwenye benchi, wanasubiri kuzibiwa pancha. Mmoja wao akadakia, "Mzee, ukifunga yale, Kreni mwenyewe atakupisha." Mwingine akasema, "Atakupisha na salamu juu yake." Kumbe habari ya mlimani ilishafika hadi pale. Mvutaji akacheka nao, lakini shingo yake ilisimama mishipa.

Mkewe alikuwa amesimama kando, mkoba kwapani. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Alikuwa akiitazama ndoano ya nyuma ya pikapu, pale bomba linapofungwa, na katika mawazo yake alikuwa ameshakaa ndani ya gari bovu, anaiona ndoano ile ikipanda juu, na bomba likiinuka nayo.

"Na ndoano je?" aliuliza.

Wanaume wakageuka.

"Gari likipanda, ndoano nayo inapanda. Gari dogo litafungwaje? Bomba litakwenda mshazari. Na mimi ndiye ninayekaa kule."

Muuza matairi akaitikia kwa kichwa. "Mama ana hoja. Ukipandisha gari, ndoano uishushe. Nenda kwa mchomeleaji, ni kazi ya asubuhi moja, wala si ghali."

Pengine kama maneno yale yangetoka kwa muuza matairi peke yake, Mvutaji angeyakubali. Alikuwa dereva wa miaka mingi na alijua chuma kinavyofanya. Lakini yalitoka kwanza mdomoni mwa mkewe, mbele ya benchi lile, naye siku zile alikuwa na kidonda kibichi.

"Mnaona jamani," aliwaambia wale wa pancha. "Ninamlisha fundi nyumbani na sina habari."

Wakacheka. Mkewe akashusha macho.

"Lete," Mvutaji alimnyooshea mkono.

Pesa zilikuwa kwenye mkoba wake, maana yeye ndiye aliyezitunza. Alianza kufungua zipu, lakini mumewe hakusubiri. Aliuchukua mkoba, akaufungua mwenyewe, akachakura. Kitana kikaanguka, kitambaa cha jasho kikaanguka, na kitu kingine cha kike ambacho mwanamke hapendi kionekane kikabingirika hadi miguuni pa wale wanaume. Mmoja alikisogeza kwa kiatu, kwa adabu, kumrudishia. Aliinama akaviokota vyote, na wakati anainuka pesa zilikuwa zimeshalipwa, na kodi ya nyumba ya mwezi ule ilikuwa imekwenda nazo.

Lazima kusema ukweli: pikapu ilipendeza. Ilirudi nyumbani imesimama juu kama farasi. Mdogo wake Mama Usukani, msichana aliyemaliza kujifunza udereva na aliyekuwa akikaa nao huku akitafuta kazi, alitoka nje akapiga makofi.

"Shemeji, hii sasa gari!"

"Umeona eh?" Mvutaji alimfungulia mlango. "Panda ujionee. Dada yako yeye amenuna."

Msichana akaruka ndani. Dada yake, siku iliyofuata, alilazimika kushika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, kukunja sketi juu ya magoti na kujivuta kama anayepanda dari. Mvutaji alimwangalia mpaka akafanikiwa, kisha akasema, "Kumbe unaweza."

Kazi zikaja. Mlima walioshindwa waliupanda, polepole na kwa gia ndogo, injini ikilia, lakini bila kuteleza hata kidogo. Wenye magari mabovu wakaanza tena kumpigia simu Mvutaji. Kreni walikutana naye barabarani, akainua kidole gumba, na Mvutaji akapiga honi ndefu. Jioni ile alikula vizuri, akatania, akamwita mkewe kwa jina la utani la zamani la uchumba wao. Ndiyo maana mke akaona labda sasa anaweza kusema.

"Baba, nikuombe kitu. Lile bomba linavyopanda juu, ukifunga breki linanisukuma upande. Usukani unanitoka mkononi. Twende tushushe ndoano."

Mvutaji aliendelea kutafuna.

"Magari madogo ndiyo yananitisha," aliongeza. "Zamani nyuma ya pikapu ilikuwa usawa wa taa zangu. Sasa iko usawa wa macho."

"Nani anaendesha?"

"Wewe."

"Basi niachie niendeshe."

Alijaribu njia nyingine. Alikwenda mwenyewe kwa mchomeleaji, akamweleza, akachora kwa kidole kwenye vumbi jinsi ndoano inavyotakiwa kushuka. Mchomeleaji alielewa palepale. Lakini akavua miwani yake ya kazi na kukuna kichwa. "Dada yangu, mzee aje mwenyewe. Akikuta nimekata gari lake kwa maneno yako, atanikata mimi." Na kwa kuwa hakutaka kesi, jioni akamsimulia Mvutaji yote, kwa nia njema kabisa.

Mvutaji aliingia nyumbani hakuvua hata viatu.

"Unanizungukia kwa mafundi?"

"Sikukuzunguka. Nilikuomba, hukunisikia."

"Mji mzima unajua mke wangu ananifundisha kazi! Jana wale wa pancha, leo mchomeleaji, kesho nani? Sikiliza." Alimnyooshea kidole, na mdogo mtu akasimama mlangoni na sufuria mkononi, hajui aingie au arudi. "Kama unaogopa, kaa nyumbani. Huyu hapa ana leseni, ana macho, ana mikono. Ndoano haishuki. Hata ikitaka kushuka yenyewe, nitaipandisha."

Mke alimwangalia mdogo wake, kisha akasema, "Siogopi."

Kesho yake alijivuta tena kwenye pikapu, sketi juu ya magoti.

Gari la kuvutwa siku hiyo lilikuwa la mkunga wa zahanati, gari dogo jekundu, la chini, lililokufa mbele ya mlango wa kazini kwake. Mkunga alikaa mbele na Mvutaji. Alikuwa mchangamfu, na alisifia jinsi mtu anavyoona mbali akikaa juu vile. Mvutaji alifurahi. Alimweleza habari za matairi, na jinsi barabara inavyomheshimu siku hizi. Mshale wa spidi ulionyesha mwendo wa mtu mwangalifu.

Nyuma, Mama Usukani aliona nguzo za umeme zikipita upesi mno. Walikuwa wameanza kuteremka. Alipiga honi, lakini gari lilikuwa limekufa hata honi. Akatoa mkono dirishani akaupunga: pole, pole. Bomba lilikuwa limeinuka mbele yake kama mtu aliyenyoosha mkono kuomba kitu cha juu, na mwisho wake ulikuwa ukilia kwenye ndoano kila walipopita kwenye shimo.

Chini ya mteremko mbuzi walikuwa wanavuka barabara. Mvutaji akafunga breki.

Bomba likasukuma kutoka chini kwenda juu. Nyuma ya pikapu ikainuka, ikawa nyepesi, ikapepesuka kushoto, na bomba likapinda kama kijiko na kuchomoka. Mwanamke alikuwa amekanyaga. Alikuwa amekanyaga kwa miguu yote miwili, amejiinua kwenye kiti, na lile jiwe la pedali lilishuka kidogo tu, na gari dogo jekundu likajitia chini ya pikapu kama droo inayorudishwa kabatini. Kioo kikaja. Akainua mkono wa kulia kujikinga uso.

Mbuzi walimaliza kuvuka.

Mvutaji alishuka akikimbia. Alimkuta mkewe amekaa, uso umejaa chenga za kioo na damu, mkono umebanwa kati ya chuma na chuma.

"Umefanya nini?" alimwuliza.

Hospitali walimwondoa vidole viwili, na kifundo cha mkono wakakitia vyuma. Mdomo wa juu ulishonwa. Kwa siku kadhaa alitazama dari na kusikiliza watu wakiongea juu yake, kwa sababu mtu aliyeshonwa mdomo ni kama hayupo.

Ndivyo alivyosikia kisa cha ajali yake mwenyewe. Alikisikia kwanza muuguzi akielezwa, kisha jirani, kisha mdogo wake. Kila mara kilikuwa kimenyooka zaidi. Mke wangu alichoka. Wiki ile alikuwa halali vizuri. Nadhani alisinzia, au alishtuka akasahau breki. Mimi nilifunga taratibu kabisa, muulizeni mkunga. Mvutaji alikisimulia kwa sauti ya huzuni, na huzuni yake haikuwa ya uongo. Alikuwa haoni usingizi. Alikuja kila siku, akamlisha uji kwa kijiko, akampangusa kidevu. Huenda hata alishaanza kukiamini.

Mkunga naye alikuja. Alileta matunda, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono mzima.

"Pole, mwenzangu. Usijilaumu. Kuchoka ni kuchoka. Hata mimi nikitoka zamu ya usiku huwa sijui nimefikaje nyumbani. Gari ni bati tu. Nimeongea na mzee, tutasaidiana kulitengeneza, nimekusamehe kabisa."

Mwanamke alifumbua macho. Akatingisha kichwa, hapana, hapana, na sauti ikatoka kooni kama ya mtu anayezama. Uzi ulivuta mdomo, damu ikachungulia.

"Daktari amemkataza kuongea," Mvutaji alisema haraka. "Akikuona anaingiwa na uchungu, anajilaumu. Mama, tulia. Amekusamehe."

"Maskini," mkunga alisema, machozi yakimlengalenga. Akamfunika shuka vizuri na kuondoka kwa kunyata.

Alipotolewa nyuzi, mtu wa kwanza aliyezungumza naye alikuwa mdogo wake. Walikuwa peke yao chumbani nyumbani, msichana anamfunga kanga shingoni ili mkono ulale.

"Nilikanyaga breki," alimwambia. "Sikusinzia, sikusahau. Gari lililozimwa halishiki. Na ndoano iko juu. Nilimwambia, nikamwambia, nikaenda mpaka kwa mchomeleaji, na wewe ulikuwepo akinifokea."

Msichana alikaza fundo la kanga, hakumtazama.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, dada. Ila shemeji aliniambia utasema hivyo."

Dada mtu alihisi kama amegonga tena. "Na kwa nini akuambie nitasema nini?"

"Kwa sababu kesho ninaanza mimi. Usinune, dada. Nitakaa mpaka lini bila kazi? Na nyumba inataka kodi, hospitali inataka, mkunga anataka. Shemeji amesema atakwenda polepole."

"Ameishusha ndoano?"

Msichana aliokota beseni akatoka nalo nje, ingawa maji yake yalikuwa bado safi.

Asubuhi teksi ilikuwa imeharibika mtaa huohuo wao, karibu na lango. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, alikuwa ameshasaidiana na Mvutaji kufunga bomba jipya. Teksi ilikuwa ya chini, na bomba lilipanda mshazari hadi kwenye ndoano ileile. Mdogo mtu alikuwa ndani tayari, amefunga mkanda, amejipaka mafuta ya midomo, anajiangalia kwenye kioo kidogo.

Mama Usukani alitoka nje na kanga yake shingoni. Majirani wawili waliokuwa wakifagia wakaacha kufagia.

"Rudi ndani, upepo," Mvutaji alisema.

"Narudi. Nina neno moja tu." Mdomo ulikuwa bado mzito, ikabidi aseme polepole. "Huyu ni mgeni wa kazi. Gari bovu linataka mtu mzoefu. Mwache yeye aendeshe pikapu, leseni anayo. Wewe uje ukae huku nyuma."

Mvutaji akacheka kidogo. "Mama, tuna haraka."

"Ni dakika ile ile. Kubadilishana viti tu."

"Pikapu yangu nzito, hataiweza."

"Umesema inakwenda polepole."

"Gari limepanda juu, hajalizoea."

"Na mimi nilikuwa sijalizoea."

Dereva wa teksi aliangalia huyu, akaangalia yule. Alikuwa mtu wa magari. Akainama akalitazama bomba, tangu chini lilipoanzia mpaka juu lilipoishia, akajishika kiuno. "Mzee," alisema kwa upole, "kwani ukikaa wewe kuna ubaya gani?"

"Mimi?" Mvutaji alisema. "Mimi nikae humo?"

Lilimtoka hivyohivyo, halikupita kwenye kichwa. Lilitoka kwa sauti nyembamba ambayo si yake, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ulikuwa umeshika mlango wa pikapu kama mtu anayeogopa kuvutwa. Majirani walisikia. Mdogo mtu alisikia; alikuwa amegeuza shingo, na alimwona shemeji yake usoni.

Mkanda wa kiti ukafunguka, ta. Msichana akashuka kwenye teksi. Alikwenda akasimama nyuma ya dada yake, na midomo yake yenye mafuta ilikuwa inacheza.

Mvutaji aliwatazama wote. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba atakaa chini pale pale kwenye vumbi na kushika kichwa, na mkewe, Mungu anajua kwa nini, alitaka kumwendea. Lakini alipanda kwenye pikapu. "Panda mwenyewe ushike usukani wako," alimwamuru dereva wa teksi.

"Bwana wee," alisema yule mnene, "mimi nina watoto." Akaanza kufungua bomba kwa mikono yake mwenyewe.

Mvutaji alishinda nje kutwa nzima. Dada na mdogo wake walipika pamoja, mmoja akikata, mwingine akikoroga kwa mkono wa kushoto, na mara moja msichana aliuweka uso wake kwenye bega la dada yake akalia, na dada akamwacha alie. Walijisemea kwamba sasa ndoano itashuka. Aibu ile hakuna mwanaume wa kuirudia. Kesho atakwenda mwenyewe kwa mchomeleaji, kimyakimya, na wao watajifanya hawajui.

Jua lilipokuwa linazama alirudi, akanawa, akakaa mezani. Alikuwa ametulia kabisa. Akamega tonge.

"Nimevuta magari mawili leo," alisema.

Wanawake wakaangaliana.

"Nani alishika usukani?" aliuliza mkewe.

"Nimepata mtu." Alitafuna, akameza. "Watu hawakosekani."

Asubuhi, Mvutaji akiwa bado anaoga, hodi ilipigwa. Mwanamke akafungua lango. Alikuwa mzee wa makamo, ndevu zimeanza mvi, shati limepigwa pasi mpaka limesimama mikunjo, viatu vimetengenezwa soli upya.

"Shikamoo," alimwamkia.

"Marahaba, mama. Nimeambiwa nije asubuhi. Mimi ndiye ninayeshika usukani."

Alimkaribisha kwenye kiti cha uani. Akaketi mbele yake, akafungua kanga, akamwonyesha mkono wake wote, vidole vilivyobaki na mahali pa vile visivyokuwepo. Kisha akamweleza. Alimweleza habari ya matairi na ya ndoano, ya mshale unaodanganya, ya breki zinazokuwa jiwe, ya mbuzi waliovuka. Hakutia chumvi, hakulia. Maji ya bafuni yalikuwa yakimwagika ndani, na alijua ana muda mpaka yatakapokatika.

Yule mzee alisikiliza vizuri, mikono imekaa magotini. Aliuliza kama mkono bado unauma, na alipoambiwa unauma, akasikitika kweli. Akatazama pikapu iliyosimama nje ya lango, juu ya magurudumu yake, akaitazama kwa muda.

"Asante sana, mama, kwa kunieleza. Mwingine asingesema."

"Basi rudi nyumbani, baba. Nitamwambia hukuja."

Mzee hakuinuka. Alipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye goti la suruali yake. Ndani, maji yakakatika.

"Jana alinilipa jioni ileile," alisema, na sauti yake ikashuka, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. "Huwa ni hivyo? Analipa siku hiyohiyo?"

Mwanamke alijifunga tena kanga yake, mkono ukalala kifuani.

"Analipa," alimjibu. Na hilo nalo lilikuwa kweli.